Dola 15 mbele ya meza ya vitabu: namna ya kuchagua kitabu cha hadithi na kitabu cha mambo ya kweli

BUKAVU – Tuseme mama mmoja wa Kadutu ameuzisha vizuri wiki hii na amebakiza dola 15. Binti yake iko katika mwaka wa mwisho ya humanite, na mwalimu wa Kifaransa ameomba kila mwanafunzi asome vitabu viwili mbele ya egzamen ya Serikali. Wanafika kwenye libreri, ao kwa papa mwenye kupanga vitabu vya mkono wa pili kando ya barabara. Vitabu ni vingi, picha za juu ni nzuri, na muuzaji anasema vyote ni vya maana. Wachukue gani? Wakikosea, hizo dola hazitarudi mbele ya miezi mingi.

Swali linaonekana dogo, lakini hapa kwetu kuchagua kitabu ni mambo ya bajeti ya nyumba. Kitabu kipya kutoka Ulaya kinaweza kufika dola 20 ao kupita. Vitabu vingi vinavyozungumuzia Kongo vinachapwa Paris ao Brussels, si Kinshasa wala Bukavu. Vinakuja na ndege, ao vinapita kwenye bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kila mkono vinaopitia unaongeza yake. Ndiyo maana kitabu kidogo cha mfukoni, ambacho kule ni beyi ya sahani moja ya chakula, hapa kinakuwa chakula cha jamaa nzima kwa siku kadhaa.

Tena kuna jambo lingine lenye kupita beyi. Katika egzamen ya Serikali, mtihani wa kwanza ambao mwanafunzi anakutana nao ni ule wa kuandika disertasio. Pale hakuna kuchagua jibu kati ya majibu matano. Mwanafunzi anaandika mwenyewe, kwa Kifaransa, na mwenye hajasoma kitu nje ya kayé yake anaonekana kwenye mistari ya kwanza.

Hadithi ao kweli? Kitabu chenyewe kinasema

Watu wengi wanaita "roman" kila kitabu chenye hakiko cha shule wala cha kanisa. Hapo ndipo matatizo yanaanza. Mutu anasoma hadithi ya kutungwa, kisha anasimama kwenye kikao cha kartie na kusema: "Nilisoma katika kitabu kama mambo ilipita hivi." Hapana. Muandikaji wa hadithi yuko na haki ya kuongeza, kupunguza, kubadilisha majina na miaka. Hiyo si uongo, ni kazi yake. Lakini si ushahidi.

Vitabu vya Kifaransa vinarahisisha kazi, maana mara nyingi aina inaandikwa kwenye ganda ao kwenye paje ya kwanza ndani, kwa herufi ndogo ambazo watu hawaangaliagi. "Roman", "nouvelles", "conte" na "théâtre" ni mambo ya kutungwa. "Essai", "biographie", "mémoires", "enquête", "histoire" na "témoignage" ni kitabu chenye kudai kusema kweli. Na neno moja linadanganya wengi: "récit". Liko katikati. Linaweza kuwa maisha ya kweli ya muandikaji, linaweza kuwa hadithi. Ukiliona, soma maneno ya nyuma ya kitabu mbele ya kutoa pesa.

Mfano muzuri wa kuelewa hiyo tofauti ni Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 Katanga, karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Juu yake kuna kitabu cha Aimé Césaire, mushairi wa Martinique, kinachoitwa Une saison au Congo, cha mwaka 1966. Ni mchezo wa kuigiza. Césaire alitunga maneno ambayo Lumumba wake anasema. Ukikisoma unasikia hofu, unasikia haraka ya siku zile, unaelewa namna mutu anaweza kubaki peke yake katikati ya umati. Lakini usikitumie kusema Lumumba alitamka hivi ao vile.

Kisha kuna kitabu cha Mubelgiji Ludo De Witte, kilichotoka kwa Kiflamand mwaka 1999 na kwa Kifaransa mwaka 2000, L'assassinat de Lumumba. Huyu alifukua telegramu na makaratasi ya wakubwa wa Ubelgiji, na chini ya kila jambo anaonyesha alilitoa wapi. Kitabu hicho kilisukuma bunge la Ubelgiji kuunda tume ya uchunguzi. Mwaka 2001 tume ikasema kama wamoja wa viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na daraka la kimaadili katika hicho kifo, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji ikaomba musamaha. Kitabu cha hadithi hakiwezi kuita bunge. Lakini kitabu chenye maelfu ya makaratasi nacho hakiwezi kukuliza sawa mchezo wa Césaire. Kwa kijana anayeanza, heri Césaire kwanza, maana ni chembamba na kinasomwa siku mbili, kisha De Witte wakati moyo umeisha kuuliza: ni nani alifanya hivi?

Na mwenye kutaka sauti ya Lumumba mwenyewe anaweza kutafuta Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, alichoandika mbele ya uhuru na kilichochapwa mwaka 1961, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa. Wengi wanashangaa kumukuta mule akiwa mpole sana mbele ya Wabelgiji. Tarehe ya kuandika ni jambo kubwa: Lumumba wa mwaka 1956 si Lumumba wa Juni 1960.

Dakika tano za kupima kitabu cha kweli

Kwa kitabu chenye kudai kusema kweli, usianzie mbele. Anzia nyuma. Fungua paje za mwisho uangalie kama kuna orodha ya vitabu na ya watu ambao muandikaji aliuliza. Kisha rudi mwanzo utafute mwaka wa kuchapwa na jina la nyumba iliyokichapa. Kitabu juu ya vita vya Kivu kisichokuwa na mwaka, kisichokuwa na nyumba ya uchapaji, na chenye kuandikwa na mutu asiyesema aliishi wapi ao alitumika kazi gani, hicho ni sawa barua bila saini.

Kipimo kingine ni kuona namna muandikaji anatendea mambo ambayo hana uhakika nayo. David Van Reybrouck, katika Congo, une histoire (kwa Kiflamand 2010, kwa Kifaransa 2012), alikutana Kinshasa na muzee Nkasi, ambaye alisema alizaliwa mwaka 1882. Hesabu yenyewe inaogopesha: karibu miaka 126! Muandikaji hakuimeza tu, wala hakumucheka muzee. Anamuonyesha musomaji namna alipima maneno yake kwa watu na mambo ambayo muzee aliweza kukumbuka. Unaweza kukubali ao kukataa, lakini umeonyeshwa mizani. Kitabu hicho ni kinene na kinasomwa vizuri, kwa sababu kimejaa sauti za watu wa kawaida.

Kwa mwanafunzi wa historia kwenye chuo kikuu, kuna Mukongomani Isidore Ndaywel è Nziem, na Histoire générale du Congo ya mwaka 1998. Hicho si kitabu cha kubeba kwenye basi. Ni cha kuweka mezani na kutafuta ndani jambo moja moja. Hapo mutu asiogope kusema ukweli: kukinunua kwa kutaka kukisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho ni kutupa pesa, heri kukitafuta kwenye biblioteke.

Vitabu juu ya vita vinaomba uangalifu kupita vingine vyote. Katika eneo letu, vinauzishwa vitabu na vijitabu vyenye kugeuza kabila zima kuwa adui ao kabila zima kuwa malaika. Dalili yake ni nyepesi: kitabu hakina hata mutu mumoja wa upande wa pili aliyeulizwa. Kiache kwenye meza. Na mbele ya kutoa dola juu ya kitabu cha namna hiyo, musomaji ajue kama Rapport Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010, inapatikana bure kwenye intaneti. Iko na paje zaidi ya 500 na inahesabu matukio 617 ya uvunjaji mukubwa wa haki za watu, kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ni kusoma kunakoumiza. Si kitabu cha kumupa mutoto, na mutu mwenye alipita katika mambo hayo asikisome usiku peke yake.

Ushuhuda nao ni kweli, lakini ni kweli ya mutu mumoja. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo la Nobel ya Amani mwaka 2018, aliandika La force des femmes, kilichotoka mwaka 2021. Watu wa Panzi wanajua kuta anazozungumuzia. Faida ya kitabu ni kwamba anasema aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wanamama aliowatunza. Mwenye kutaka kumuona Mukwege kwa jicho la mutu mwingine atafute kitabu cha mwanahabari Mubelgiji Colette Braeckman, L'homme qui répare les femmes, cha mwaka 2012. Viwili vikisomwa pamoja, kimoja kinasaidia kupima kingine.

Halafu kuna meza yenye kuuza kupita zote: vitabu vya kutajirika. Père riche, père pauvre cha Mumarekani Robert Kiyosaki kinaonekana kila mahali, mara nyingi kwa fotokopi. Kimewapa wamoja hamu ya kuhesabu pesa zao, na hilo si baya. Lakini kinauzishwa sawa kitabu cha mambo ya kweli, na toka zamani watu wanauliza kama yule papa tajiri aliishi kweli ao ni mutu wa kutungwa. Tena mambo yake ya kununua nyumba kwa deni la banki yanasimama juu ya banki zenye kukopesha kwa miaka 30. Muuzaji wa sambaza ao wa makala atafute banki hiyo wapi? Kwake yeye, kitabu chembamba cha kufundisha kushika hesabu za duka kinaweza kuleta faida kesho asubuhi.

Kuchagua hadithi: soma paje ya kwanza kwa sauti

Kwa hadithi ya kutungwa, mambo ya mwaka na orodha ya vitabu hayana kazi. Kipimo ni lugha na ni hamu. Omba muuzaji kwa heshima: "Papa, naomba nifungue kidogo." Muuzaji muzuri hakatai. Soma paje ya kwanza, hata kwa sauti ya chini. Kama kuna maneno matatu ao mane tu usiyoyajua, kitabu kitakufundisha. Kama kila mustari unakusimamisha, kiache kwanza, utakirudia mwaka kesho. Wazazi wamoja wanachagua kitabu kigumu kusudi mutoto "apande". Mutoto hapandi, anakiweka chini ya kitanda.

Kwa anayeanza, Zamenga Batukezanga bado hajapata mwenzake. Kifaransa chake ni chepesi, na mambo yake ni ya nyumbani: ndoa, kijiji na mji, uchawi, mutu anayerudi kutoka Ulaya. Carte postale na Bandoki zilipita katika mikono ya wazazi wengi wa leo. Watu wa chuo kikuu walimuonaga sawa muandikaji mudogo. Lakini kuna waandikaji wakubwa ambao hakuna fundi wa gari mwenye kuwasoma, na Zamenga alisomwa na mafundi wa magari.

Kwa kijana wa humanite, Petit pays ya Gaël Faye (2016) inastahili kuwekwa mbele. Ni hadithi ya Gabriel, mutoto wa Bujumbura, baba Mufaransa na mama Munyarwanda, katika miaka ambayo vita inaingia Burundi na mauaji ya kimbari yanapita Rwanda. Kwenye mwanzo jamaa inasafiri mpaka Bukavu, na musomaji wa hapa atatambua ziwa lake. Mule ndani kuna mama Mugiriki, jirani, mwenye kumuazima Gabriel vitabu wakati barabara zinafungwa na vijana wanashika silaha. Kitabu kinapatikana kwa muchapo wa mfukoni, wenye beyi ya chini.

In Koli Jean Bofane, mzaliwa wa Mbandaka, anaomba musomaji mwenye miaka zaidi. Mathématiques congolaises (2008) inachekesha na inauma: kijana Célio, yatima wa Kinshasa mwenye njaa, anaishi na kitabu cha zamani cha matematika ya mashule, na hicho kinamufungulia mulango wa wakubwa wa serikali, penye hesabu zingine zinafanywa. Congo Inc. (2014), kilichopata tuzo ya mabara matano ya Francophonie mwaka 2015, kinafwata kijana anayetoka porini kwenda Kinshasa kutafuta mondializasio yake. Mzazi ajue kama mule kuna mambo makali ya vita na ya ubakaji. Kwa mutu muzima, ni kitabu cha nguvu. Kwa mutoto wa miaka 13, hapana.

Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi, ilitoka mwaka 2014 na ikazunguka dunia. Inapita kwenye baa moja ya mji wa migodi, na sentensi zake zinaenda sawa gitaa ya solo, hazitaki kusimama. Anayesoma kwa kutafuta "nini ilifuata" atachoka. Mwenye kupenda muziki ataifurahia. Na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, katika Entre les eaux (1973) anasimulia padri anayejiunga na waasi. Ni kifupi lakini kinaomba kusoma polepole, na kwa disertasio juu ya imani ao siasa hakuna chenye kufaa kukipita.

Na Kiswahili je?

Hili ndilo linasikitisha. Katika malibreri yetu, Kiswahili kinabaki karibu tu kwenye Biblia na nyimbo. Vitabu vya Tanzania vinakuja kidogo kidogo, mara nyingi ndani ya sanduku la mutu aliyesafiri. Mwenye ndugu anayeenda Dar es Salaam amutume Peponi: ni hadithi ya Abdulrazak Gurnah, muzaliwa wa Zanzibar na mwenye Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Inasimulia kijana Yusuf na msafara unaotoka pwani kuingia mbali ndani ya bara. Kiswahili chake ni cha pwani, musomaji wa Kivu atakwama hapa na pale, lakini njia za misafara hiyo ndizo zilileta Kiswahili mpaka kwetu.

Kwa mambo ya kweli, kuna maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na yaliyochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Maniema na Kasongo zimo. Kisomwe kwa jicho kali: anayesema ni mwenye pembe na watumwa, na watumwa wenyewe hawasemi. Kinyume chake ni Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Ni historia ya mji, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila kupakwa rangi. Johannes Fabian aliichapa mwaka 1990 na inapatikana bure kwenye intaneti. Tarehe zingine mule zinachanganyika, lakini kumbukumbu ya namna watumishi waliishi na wabwana zao haiwezi kupatikana katika makaratasi ya kampuni.

Mbele ya kulipa

Kwa dola 15, shauri la busara ni kununua kimoja cha mfukoni cha hadithi na kimoja cha mkono wa pili cha mambo ya kweli, kuliko kutupa zote kwenye kinene kimoja. Wanafunzi wane wa darasa moja wakikubaliana, kila mumoja ananunua viwili na wote wanasoma vinane. Inaomba tu kayé ndogo ya kuandika nani ameazima nini na tarehe gani, maana urafiki mwingi umekufa juu ya kitabu kisichorudi.

Beyi ya kwanza si beyi. "Papa, ya mwisho ni ngapi?" ni swali la kawaida kando ya barabara, na kwenye libreri yenye beyi zilizobandikwa mutu anaweza kuuliza kama kuna vyenye kuchakaa ganda, vinavyopunguzwa. Kwa fotokopi, mambo ni mawili: muandikaji hapati hata franka, na musomaji mara nyingi anapata kitabu kibovu. Angalia kama herufi hazijafifia kwenye upande wa mushono. Kisha hesabu paje, hasa katikati na kwenye mwisho. Ukikuta 112 inafuatwa na 129, muonyeshe muuzaji palepale mbele ya pesa kutoka mukononi, na uulize kama yuko na nakala ingine.